Ubao wa kubania karatasi kwa bangili pana za nyuzi: miezi minne ya kuutumia

Bangili nyembamba ya nyuzi sita au nane haimsumbui mtu. Unapiga fundo moja juu, unaibana kwa kikwasi kwenye goti la jinzi, huku maongezi yanaendelea. Shida yangu ilianza mteja alipotaka bangili ya urafiki ya nyuzi 24, ya mistari ya V, pana kama vidole viwili. Nyuzi 24 zikitoka kwenye fundo moja hutawanyika kama ufagio wa chelewa. Za katikati zinapandiana, rangi zinahama mahali pake kabla hujamaliza mstari wa kwanza, na mwanzo wa bangili unatoka umekunjamana kama shingo ya mfuko.

Nikanunua ubao wa kubania karatasi, ule wanaotembea nao wasimamizi wa mitihani. Nilichukua wa mbao nyembamba ya kahawia, shilingi 4,000 duka la vifaa vya shule. Muuzaji aliponiona najaribu kibanio kwa uzi badala ya karatasi akauliza, "Dada, hiyo ni ya ofisini, unashonea?"

Nausifu kwa jambo moja kubwa: naweza kuacha kazi. Mboga ikiungua nanyanyuka, nikirudi nakuta nyuzi zimelala vilevile. Tena ninaweka chini yake karatasi ya daftari la hesabu, ile ya visanduku, na upana wa bangili naupima kwa macho. Bila visanduku hivyo mimi huanza na vidole viwili nikamaliza na kimoja na nusu.

Ila kibanio chenyewe kilitengenezewa karatasi. Kinabana vizuri katikati. Pembeni nyuzi zinachomoka moja moja kila ukikaza fundo, na kila fundo hapa hukazwa mara mbili. Uzi wa poliesta ndio mbaya zaidi, unateleza kuliko wa pamba. Niliongeza selotepu, ikaachia baada ya dakika kumi na kuacha gundi kwenye uzi mweupe. Tepu ya karatasi ya mafundi rangi ni afadhali. Kilichotulia hasa ni ukanda wa tyubu ya baiskeli niliouweka chini ya kibanio: hapo hakuna uzi uliosogea tena.

Lakini kutosogea si kukaa kwa mpangilio, na hili ubao hauwezi kukufanyia. Dawa nimeipata kwenye kijiti cha mshikaki. Nakata nyuzi 12 za meta 2 (kifungu cha meta 8 kinatoa nne), kila mmoja naukunja katikati, kitanzi nakipitisha nyuma ya kijiti, halafu ncha zote mbili nazipenyeza kwenye kitanzi na kuvuta. Nyuzi 12 zinakuwa 24, zimepangwa kama watoto mstarini, hakuna fundo kubwa. Kijiti ndicho nakibana ubaoni, si nyuzi.

Anayetaka kujaribu ajue kwamba ncha mbili za uzi mmoja zinakaa jirani, kwa hiyo rangi zinakuja mbilimbili. Kwa mistari ya V nilitumia rangi sita, kila rangi nyuzi mbili, mmoja kushoto na mmoja kulia, kuanzia pembeni kuelekea katikati. V zinatoka nene. Mteja wangu alipenda. Anayetaka V nyembamba itabidi afunge uzi mmoja mmoja bila kukunja, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye subira kunizidi.

Kwa bangili pana naupa ubao nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za tyubu. Wa plastiki sikuununua, siwezi kuusemea.

Kosa langu la mwisho lilikuwa kuchomoa kijiti kwa haraka. Vile vitanzi vilikosa kitu cha kukumbatia, vikalegea, vingine virefu vingine vifupi. Sasa kabla ya kuchomoa napitisha sindano yenye uzi imara kandokando ya kijiti, ndani ya vitanzi vyote 12. Kijiti kikitoka, uzi unabaki mahali pake, na ncha zake mbili ndizo za kufungia mkononi.