Kununua usiku mmoja msituni: misitu inayofaa kulala kwenye bembea, na ile ya kuepuka

Mtu anayelipia usiku wa kambi msituni hununua mambo matatu kwa stakabadhi moja: ruhusa ya kuingia, ruhusa ya kulala na, mara nyingi, huduma ya mwongozaji. Anayelala kwenye bembea, yaani kitambaa kinachoning'inizwa kati ya miti miwili, anahitaji jambo la nne ambalo haliandikwi kwenye stakabadhi hiyo, nalo ni miti miwili iliyo hai, minene kiasi cha kutosha, iliyoachana kwa umbali unaofaa, na ambayo mhifadhi ameridhia ifungwe mikanda. Niliwahi kulipia usiku katika msitu ambao sitautaja, nikafika jioni nikiwa nimechoka, nikaonyeshwa uwanja wa majani uliofyekwa vizuri kwa ajili ya mahema. Msitu wote ulikuwa ng'ambo ya uzio. Nililala chini juu ya turubai, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiipima misitu kwa kipimo tofauti na kile cha mwenye hema, kwa sababu kambi nyingi za eneo letu zilitengenezwa kwa kuondoa kile hasa tunachokihitaji.

Kabla ya kupanga misitu kwa ubora, ni vyema kueleza kipimo chenyewe. Miti miwili inayofaa huwa imeachana kwa mita nne hadi tano, na kila shina lina kipenyo cha sentimita 20 au zaidi. Mkanda uwe mpana, angalau sentimita mbili na nusu, na ukifika tano ni bora zaidi, kwa kuwa kamba nyembamba ya katani au ya nailoni hukata gome, na mti uliokatwa gome pande zote hufa hata kama unaonekana mzima kwa miezi kadhaa. Funga ili mkanda ushuke kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka usawa wa ardhi. Wengi hukaza bembea hadi inyooke kama kitanda, bila kujua kwamba wanaongeza mzigo juu ya mti na juu ya mkanda: mtu wa kilo 70 aliyefunga kwa nyuzi 30 huvuta kila mti kwa nguvu ya kilo zipatazo 70, lakini akikaza hadi nyuzi 10 kila mti huvutwa kwa nguvu inayokaribia kilo 200. Bembea iliyolegea kiasi humruhusu mtu alale mshazari, na hapo ndipo mgongo hunyooka.

Kipimo cha pili ni wanyama, nacho nakipa uzito kuliko mandhari. Hema lina kuta, na ingawa kuta hizo ni kitambaa tu, wanyama wakubwa kwa kawaida hulichukulia kama kitu kimoja kikubwa na kulipita kando. Bembea haina kuta. Kwa hiyo msitu wenye tembo, nyati, simba au viboko nauondoa kwenye orodha hata ukiwa mzuri kiasi gani. Kipimo cha tatu ni baridi inayotoka chini, ambayo wageni wa bembea huishtukia usiku wa kwanza: blanketi ulilolilalia hubanwa na uzito wa mwili na kupoteza joto lake, huku upepo ukipita chini yako. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi, na mtu aliyezoea Tanga mjini hawezi kulala Lushoto kwa shuka moja.

Kwa vipimo hivyo, nafasi ya kwanza naipa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, katika Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1997, ina hekta 8,380, na ndani yake kuna bustani ya mimea ambayo Wajerumani walianza kuipanda mwaka 1902. Kwa mtu wa bembea, historia hiyo ina faida ya moja kwa moja: miti iliyopandwa na binadamu hupandwa kwa nafasi. Ukitembea katika bustani hiyo ya zamani utaona mashina mazito, yaliyonyooka, yenye nafasi safi katikati yake, jambo ambalo ni adimu katika msitu wa asili ambamo miti midogo na mitambaazi husongamana. Hata hivyo baadhi ya miti hiyo ni mali ya kisayansi, mingine ikiwa ni ya pekee nchini, kwa hiyo usifunge mkanda popote kabla mhifadhi hajakuonyesha kwa mkono wake miti ya kutumia.

Amani ina pande mbili za kuchagua. Zigi iko chini, karibu na mto, kuna joto na mbu ni wengi. Amani yenyewe iko kwenye mita 900 hivi, usiku wake ni wa wastani, na blanketi moja juu na jingine chini hutosha kwa miezi mingi ya mwaka. Mimi huchagua juu. Asubuhi hondohondo hupita juu ya vilele vya miti kwa mabawa yenye kishindo kama mtu anayepepea jamvi, na mbega hushuka kuangalia nani amelala chini yao. Tembo na simba hawapo. Adui mkubwa ni mvua, ambayo hunyesha hata nje ya masika, na barabara ya kutoka Muheza huteleza sana nyakati hizo. Jambo jingine la kuangalia ni mti uitwao kitaalamu Maesopsis eminii, ambao uliletwa kupandwa na sasa umesambaa msituni. Hukua haraka, mbao zake ni laini, na matawi yake hukatika kirahisi kuliko ya miti ya asili, kwa hiyo sifungi bembea chini yake.

Nafasi ya pili ni msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, kipande pekee kilichobaki nchini humo cha misitu ya mvua inayofanana na ile ya Kongo. Uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hadi 1,600, na kuna mahali pawili pa kuingilia panaposimamiwa na mamlaka mbili tofauti: Buyangu kaskazini, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985 na iliyo chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, na Isecheno kusini, iliyo chini ya Huduma ya Misitu. Mnunuzi aulize mapema ni upande upi anaoulipia. Buyangu ni tulivu zaidi, na Isecheno ina waongozaji wa jamii wanaoujua msitu kwa majina ya miti, ndege na nyoka wake, jambo ambalo kwa mtu anayechagua mahali pa kulala ni la thamani kubwa.

Nimeiweka Kakamega chini ya Amani kwa sababu mbili. Ya kwanza ni radi. Mvua ya alasiri hapo huja na ngurumo nzito, na bembea iliyofungwa kwenye mti mrefu kuliko yote ni hatari ya kweli. Chagua miti ya kimo cha kati iliyozungukwa na mingine, na usilale kamwe juu ya kilima. Ya pili ni siafu. Misafara yao hupita usiku, hupanda mashina, na mkanda wako kwao ni daraja. Kabla ya kufunga, zunguka kila mti kwa tochi, angalia ardhi kwa hatua kumi pande zote, kisha mwagia jivu kulizunguka shina kama wenyeji wafanyavyo kuzunguka nyumba. Ukiona hata mstari mwembamba wa siafu, hamisha bembea mara moja, hata kama ni saa tano usiku. Nyoka pia wapo, wakiwemo wenye sumu kali, lakini hapo bembea ni bora kuliko hema, ilimradi viatu vining'inizwe na visiachwe chini.

Hifadhi ya Magamba, juu ya Lushoto, ningeiweka ya kwanza kama baridi isingekuwapo. Iko kati ya mita 1,650 na 2,300, ina miti mikubwa ya mkulo na podo, na mashamba ya misindano yaliyo jirani huonyesha jinsi mistari iliyopunguzwa inavyoacha nafasi nzuri ya kufunga, ingawa utomvu wake hunata kwenye mikanda na hautoki kwa maji. Mbu ni wachache. Lakini katika kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na ukungu hulowesha kila kitu ambacho hakikufunikwa. Anayekwenda Magamba awe na godoro jembamba la sponji la kuweka chini ya mgongo, au blanketi la kufunga kwa nje, chini ya bembea, ambalo halibanwi na uzito wa mwili. Asiye navyo aende Januari au Februari.

Mabira, kwenye barabara ya Kampala kuelekea Jinja, unaipita yote niliyoitaja kwa urahisi wa kufika. Uko umbali wa kilomita 54 hivi kutoka Kampala, na kituo cha wageni cha Najjembe kinafikika kwa matatu. Una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 300, na mwaka 2007 wananchi waliandamana kupinga mpango wa kutoa sehemu yake kwa kilimo cha miwa. Anayelipia usiku hapo anaupa msitu huo sababu nyingine ya kubaki. Kasoro yake ni kelele za malori yanayopita barabarani, na kuenea kwa mforosadi wa karatasi, mti wa kigeni usio imara ambao huonekana unafaa kwa kuwa umenyooka. Sogea ndani, tafuta miti ya asili.

Pugu-Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, nauweka wa mwisho kati ya inayofaa, lakini ndio ninaompendekezea mtu wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kulala kwenye bembea. Ni msitu wa pwani: mashina mengi ni membamba, vichaka ni vingi, joto halipungui usiku, na bila chandarua cha kuzunguka bembea yote hutalala. Mbu huuma hata kupitia kitambaa cha chini, hivyo weka mkeka au kitambaa kizito mgongoni. Ukigundua kwamba umesahau kitu au mgongo haukubali, nyumbani hakuko mbali, na hiyo ni faida kubwa kwa jaribio la kwanza.

Sasa ile ya kuepuka. Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, ni msitu ninaoupenda kwa moyo wote, wenye kilomita za mraba 420 hivi na ndege wasiopatikana kwingine isipokuwa mahali pachache, lakini una tembo, na hao hutembea usiku. Shimba Hills ni vivyo hivyo. Ufuko wa Ziwa Naivasha una migunga mizuri yenye ngozi ya manjano, na picha nyingi za bembea hupigwa hapo, ila viboko hutoka majini kula majani gizani, kwa hiyo kubali tu pale penye uzio unaofanya kazi. Karura jijini Nairobi na Jozani kule Unguja ni za mchana. Na mashamba ya minazi, ambayo wenye nyumba za wageni ufukweni hupenda kuyatangaza kwa bembea, yanafaa kupumzika pale tu nazi na makuti makavu yamekwisha kuangushwa. Kama hayajaangushwa, omba mivinje.

Kuhusu malipo, raia wa Afrika Mashariki hutozwa kidogo kuliko mgeni wa kutoka mbali, kwa hiyo kitambulisho kisisahaulike. Misitu ya hifadhi asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania kwa kawaida ni nafuu kuliko hifadhi za taifa, na hulipiwa kwa namba ya malipo ya serikali. Usimpe mtu fedha mkononi langoni. Kabla ya kuomba namba hiyo, piga simu ofisini na uulize mambo haya kwa utaratibu: je, kufunga bembea kwenye miti kunaruhusiwa, je, miti hiyo iko ndani ya eneo la kambi au mbali nalo, je, kuna wanyama wakubwa, na je, mwongozaji atalala karibu au ataondoka jioni. Swali la pili lijibiwe na mtu aliyekwisha kufika kwenye eneo lenyewe.

Siku ya safari, fika mapema. Kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na ndani ya msitu giza hutangulia kwa nusu saa. Ukiwa langoni saa tisa utapata muda wa kutazama juu kwa makini, maana tawi kavu lililonasa huanguka bila upepo, kufunga turubai kabla ya bembea, na kufunga uzi mfupi kwenye kila mkanda ili maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye shina yadondokee hapo yasikufikie mgongoni.