Miezi mitatu ya sindano na chungu cha dawa, pale Kabwe, Mbeya

Naanza na mnachotaka kujua: hapana, sijashika mimba. Sasa tuongee huduma ya hii kliniki ya tiba ya Kichina: sindano nyembamba zisizo na dawa ndani, na mizizi ya kuchemsha.

Nina miaka 38, ni fundi cherehani Mwanjelwa. Mwezi wa tatu daktari wa akina mama alinipima AMH, homoni ya kukadiria mayai yaliyobaki, ikasoma 0.4, na kwenye utrasaundi akahesabu vifuko vya mayai vitatu tu, ovari zote mbili. Akasema akiba ya mayai imepungua, tusicheze na muda. Wifi yangu akasema nipite kwanza kwa Mchina.

Kliniki siitaji jina. Cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kipo ukutani na hakijaisha muda, nilikisoma. Sindano zinatolewa kwenye pakiti mbele yako, zikitumika zinatupwa. Hapo nawapa alama zote.

Mzee alinishika mshipa wa mkono kwa vidole vitatu, kushoto, kulia, akatazama ulimi. Binti mkalimani akaniambia, "Dada, figo lako lina baridi." Nikashtuka, kesho yake nikakimbilia maabara kupima figo. Nzima kabisa, na hela imeliwa. Kumbe kwao "figo" ni jina la nguvu inayobeba uzazi, wala si kiungo peke yake. Kunieleza hilo kungewachukua dakika moja. Na ushauri wao wa kuvaa soksi na kutotembea peku, mama mkwe hunikumbusha kila Juni, bure.

Sindano ni mara mbili kwa wiki. Ninayoikumbuka ni ile ya upande wa ndani wa mguu, vidole vinne juu ya kifundo. Haichomi kama ya hospitali, inavuta, kama mtu anakaza uzi ndani ya nyama. Unaachwa nayo nusu saa chini ya blanketi. Mimi niliyekuwa nakesha nikihesabu miezi, nilikoroma pale. Na maumivu ya hedhi yalipungua, siwezi kuwanyima hilo.

Dawa sasa. Walisema isichemshwe kwenye sufuria ya alumini, nikanunua chungu cha Wakisi, vile vinavyotoka Ikombe, Ziwa Nyasa. Saa nzima kwenye mkaa, unapata kikombe kimoja cheusi kama oili chafu, na jirani anauliza ukutani umeunguza nini. Nikauliza ni mizizi gani. Wakataja dang gui na zile tunda nyekundu za goji, mengine eti siri ya daktari. Hapo waliniudhi. Miaka ya 1990 kule Ubelgiji wanawake waliomeza dawa za Kichina za kupunguza mwili waliharibika figo, kwa sababu ya mmea wa jamii ya Aristolochia uliochanganywa humo. Ukiniambia figo langu lina baridi, usinifiche unalimiminia nini.

Baada ya miezi mitatu nikarudia kipimo: 0.5. Wa mapokezi akapiga vigelegele, mayai yameongezeka, tuanze kifurushi cha pili! Daktari wangu akatikisa kichwa. Tofauti ndogo hivyo huja yenyewe, mwezi kwa mwezi, maabara kwa maabara. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, hakuna cha kuchemsha kinachotengeneza mengine. Na AMH inakadiria idadi, haisemi kama yaliyobaki ni mazuri, kwa hiyo mlango haujafungwa. Akanisimulia utafiti wa Australia na New Zealand wa 2018, wanawake 848 wa kupandikizwa mimba (IVF): waliochomwa sindano za kweli na waliochomwa za kuigiza walizaa karibu sawa.

Nililipa laki nne kwa mwezi. Kwa usingizi na tumbo la hedhi, mtu mwenye nazo aende. Kwa kujaza mayai, wasiwadanganye, hasa kama na nyie mmeambiwa msicheze na muda.

Ujumbe wa punguzo la kifurushi cha pili umeshaingia mara mbili. Sijaujibu, nimekata tiketi ya Dar kwenda kuulizia upandikizaji. Chungu nimekisugua kwa majivu mara tatu, na maharage bado yananukia dawa.