Beauty and the Beast bila sauti ya Belle: ukumbi ule umenikera

Ukumbi ule msiende. Filamu yenyewe, katuni ya Disney Beauty and the Beast ya 1991, haina kosa hata chembe. Juzijuzi waliionyesha, na kwa dakika zote 84 ala zilivuma, kwaya ikavuma, Belle, msichana mhusika mkuu, akasikika kama mtu anayeimba chumba cha pili na mlango umefungwa.

Fundi wa mitambo nilipomwuliza alijibu bila hata kugeuka: "Filamu ya zamani hiyo, ndivyo ilivyo." Sivyo ilivyo! Nyimbo zile zilirekodiwa waimbaji na okestra wakiwa pamoja, kwa wakati mmoja, ili ziwe na uhai wa jukwaani. Howard Ashman, aliyetunga maneno kwa muziki wa Alan Menken, alifariki Machi 1991, filamu haijatoka. Maneno yake ndiyo yaliyomezwa pale, halafu mtu anasingizia uzee wa filamu.

Kosa ni la kurekebishwa kwa dakika mbili. Sauti ikiwa ya 5.1, yaani iliyogawanywa kwa spika tano na moja ya besi, mazungumzo na uimbaji wa mhusika huwekwa zaidi kwenye njia ya kati, ile ya spika ya katikati. Muziki hutanda kushoto na kulia. Wao walitoa sauti kwenye tundu la hedifoni la laptop hadi amplifaya ya spika mbili, na programu ya video ikaachwa kwenye 5.1. Njia ya kati ikakosa pa kutokea. Kupandisha sauti, kama alivyofanya fundi yule, kunapandisha violini tu. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua stirio, yaani sauti ya spika mbili: programu itaigawa njia ya kati pande zote mbili, kwa kawaida ikiipunguza desibeli 3 kila upande. Kama spika ya kati ipo na bado iko kimya, kagua kwanza waya wake nyuma ya amplifaya.

Kipimo kiko mwanzoni kabisa, kwenye picha za vioo vya rangi, David Ogden Stiers anaposimulia laana ya mwanamfalme. Muziki ukiwa safi na msimulizi yuko mbali, simamisha, rekebisha, ndipo uingize watu.

Wimbo wa ufunguzi uliumia vibaya, maana kijiji kizima kinapokezana mistari. Ikikosekana sauti moja, maana inakatika. Lakini ile dansi! Ukumbi wa kasri uliochorwa kwa kompyuta, kamera inashuka kutoka kwenye dari huku Belle na Mnyama wanazunguka, na Angela Lansbury, sauti ya birika la chai, ndiye anayeimba peke yake. Nilimsikia kwa shida, na bado sikuweza kuinuka. Kwa skrini kubwa namna ile, basi nendeni tu. Ila kabla ya kulipa ulizeni sauti inatoka stirio au 5.1, na spika ni ngapi. Wakijibu tena kwamba filamu ni ya zamani, msitoe hata senti.