Fimbo nyepesi za mlimani: kabla ya gramu, tazama kiungo

Ukiingia duka la vifaa vya mlimani, fimbo utauziwa kwa uzito. Mwuzaji anakuwekea jozi ya kaboni mkononi, unaishangaa ilivyo nyepesi, na kabla hujauliza lolote mmeshafika kwenye bei. Uzito una maana yake, tutaufikia. Lakini fimbo inapomwangusha mtu njiani, mara nyingi ni pale pingili zinapoungana: kibano kimelegea, kitufe kimejaa vumbi, au kamba ya ndani imelika. Kwa hiyo hapa tunazipanga kwa namna zinavyojifunga.

Za kukunja zina pingili tatu, nyingine nne, zilizotungwa kwenye kamba moja inayopita ndani. Ukivuta chini ya mshikio kamba inakaza, kitufe kidogo kinachomoza, na fimbo imesimama. Ni kazi ya sekunde chache. Za kuvuta ni kama eriali ya redio: pingili moja inaingia ndani ya nyingine, unachagua urefu unaoutaka, unafunga kibano. Halafu kuna za kusokota, ambazo ndani zina plastiki inayotanuka ukiizungusha. Hizi ndizo zilizojaa kwenye maduka ya bei nafuu, nyingi zikiwa na springi ya kupunguza mshtuko, na ndizo tunazokushauri uziache hapo hapo. Vumbi la Mlima Longonot, Kenya, likishaingia, plastiki haishiki tena; mwenye fimbo anazidi kusokota hadi inapasuka. Springi nayo inaongeza uzito, na kila unapoegemea inazama kwanza kabla fimbo haijakubeba.

Sasa gramu. Kwa hatua ya sentimita 60, kilomita 10 ni hatua zaidi ya 16,000, na kila fimbo inagusa ardhi zaidi ya mara 8,000. Ukiongeza gramu 50 kwa kila fimbo, kila bega limeinua kilo 400 za ziada kidogo kidogo. Ila si gramu zote zinachosha sawa. Zilizo kwenye mshikio huzisikii. Zilizo karibu na ncha ndizo zinazovuta kiwiko. Dukani usitegemee mizani peke yake. Simamisha fimbo, shika mshikio kwa vidole vitatu tu, ibembeze mbele na nyuma kwa mwendo wako wa kutembea. Ikiwa ncha inachelewa na unalazimika kuisukuma kwa kifundo cha mkono, fimbo hiyo ni nzito chini, hata kama lebo inasema vingine.

Kwa wakimbiaji, jozi tunayoitumia kupimia nyingine ni Black Diamond Distance Carbon Z. Ni ya kaboni, pingili tatu, urefu mmoja usiobadilika; jozi haifiki gramu 300, na ile ya sentimita 120 hukunjika hadi kama sentimita 40, kwa hiyo inakaa kwenye fulana ya kukimbilia yenye mifuko bila kukuchoma kidevu. Upungufu wake unatokana na sifa hizo hizo. Urefu ukishaununua umeununua. Na mirija yake ni myembamba: ncha ikinaswa kati ya mawe mawili huku mwili unaendelea mbele, kaboni haipindi, inakatika.

Leki Ultratrail FX.One Superlite, ya Kijerumani, inacheza kwenye uzito wa karibu huo huo, na inashinda kwenye mkanda wa mkono. Unavaa kitu kinachofanana na glovu iliyokatwa vidole, kitanzi chake kinabana kwenye mshikio, na ukibonyeza kitufe cha juu mkono unaachia. Faida inaonekana kwenye mlima mrefu: unasukuma kwa kiganja kilicho wazi bila kukaza vidole, na mkono hauchoki mapema. Lakini mikanda hiyo ina wa kulia na wa kushoto, na bila hiyo fimbo imepoteza nusu ya kazi yake, maana mshikio wenyewe ni mwembamba na haukutengenezwa kukamatwa kwa nguvu siku nzima. Ukipenda kuweka mkanda mmoja huku na mwingine kule, usiinunue.

Kwa anayeanza mbio za milimani na hataki kulia kaboni ikikatika, Trail Blaze ya Mountain King, kampuni ya Uingereza, ni chaguo la busara: aluminiamu, pingili nne, na badala ya kitufe unavuta kamba na kuibana kwenye mfereji wa mshikio. Inatikisika kidogo viungoni. Hata hivyo ina vitu vichache vya kuharibika, na kamba yake inaonekana kwa macho.

Mambo yanabadilika kabisa ukienda Kilimanjaro kwa siku sita au saba. Huko wengi hukosea kwa kununua fimbo ya mkimbiaji. Hakuna anayekimbia juu ya mita 4,000 akiwa na koti la manyoya. Kazi kubwa ya fimbo ni kushuka: kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi kambi ya Mweka iliyo karibu mita 3,100, takriban mita 2,800 kwenda chini ndani ya siku moja, ambayo ilianza usiku wa manane. Chini ya Stella Point, kwenye ukingo wa kasoko, njia ni changarawe inayoporomoka; unatelemka kwa kisigino na fimbo inapokea uzito wako mzima, mara nyingi kwa ubavu. Hapo aluminiamu inapinda na kaboni inavunjika. Fimbo iliyopinda itakufikisha getini.

Kwa safari hiyo tunapendekeza fimbo ya kuvuta ya aluminiamu yenye vibano vya nje, mfano Black Diamond Trail: urefu kutoka sentimita 100 hadi 140, jozi karibu gramu 500. Ndiyo, ni gramu 200 zaidi ya ile ya kaboni. Utazilipa kwa mabega wakati wa kupanda na kurudishiwa na magoti wakati wa kushuka. Pia itavumilia kutupiwa begi la kilo 15 na wapagazi wakati wa kupakia, jambo ambalo mrija wa kaboni haulisamehi.

Ila Ukuta wa Barranco, mwamba mkali ulio njiani, utakukumbusha ubaya wake. Ukuta ule unapandwa kwa mikono, fimbo zinawekwa, na fimbo ya kuvuta hata ikifungwa yote bado ina zaidi ya sentimita 60. Ukiifunga ncha ikitazama juu, itagonga mwamba ulio juu yako au uso wa aliye nyuma yako. Ifunge ncha chini, ubavuni mwa mkoba, kwa mikanda miwili, si mmoja. Mwenye fimbo ya kukunja anaitia ndani ya mkoba na kusahau. Kwa anayetaka vyote viwili kuna za katikati kama Distance Carbon FLZ ya Black Diamond, inayokunjika na bado ina kibano cha kuongeza au kupunguza sentimita 15 hadi 20. Ni fimbo nzuri, na ina aina mbili za viungo vya kutunza badala ya moja.

Maji ndiyo adui ambaye hatajwi. Mvua ya msituni siku ya kwanza inaingia ndani ya mirija, na hutaiona. Ukifika kambi ya Barafu, karibu mita 4,670, usiku inaganda, na fimbo haivutiki wala haiingii. Dawa ni ndogo: kila jioni chomoa pingili zote hadi zitoke kabisa, zisimamishe zikiangalia chini, zifute kwa kitambaa kikavu, zirudishe asubuhi. Usipake mafuta wala grisi, hata ya baiskeli, hata kidogo. Kibano kinashika kwa msuguano, na ukiupoteza msuguano umepoteza fimbo. Urefu wa usiku wa kileleni upange kabla ya kuvaa glovu nene.

Kuhusu urefu, kuna kanuni inayofanya kazi kwa wengi: zidisha kimo chako kwa 0.68. Mwenye sentimita 165 anapata 112, achukue 110. Mwenye 175 anapata 119, achukue 120. Mwenye 185 achukue 125. Hakikisha kwa kusimama umevaa viatu vya mlimani, ncha karibu na kidole kidogo cha mguu: kiwiko kiwe pembe mraba. Wakimbiaji wengi hupendelea fupi kwa sentimita 5, kwa sababu mlima mkali unaukutanisha mkono na ardhi mapema. Kwenye mteremko mrefu ongeza sentimita 5 hadi 10. Mwenye fimbo isiyobadilika aweke kiganja juu ya kichwa cha mshikio.

Mkanda wa mkono unavaliwa kwa kuingiza mkono kutokea chini, kisha kushuka na kuukamata pamoja na mshikio. Kwenye mawe makubwa yaliyotapakaa, toa mikono kwenye mikanda kabisa. Fimbo ikinaswa huku mkanda umekushika, kidole gumba ndicho kinacholipa.

Ncha nzuri ni ya tungsteni kabaidi, kitu kigumu sana. Inauma kwenye mwamba na barafu. Vifuniko vya mpira ni kwa lami, kwa zege na kwa safari ya ndani ya begi. Kwenye mwamba mbichi vinateleza, na kwenye tope vinang'olewa na kubaki huko. Tukitaja tope: Rwenzori, au kinamasi cha njia ya Naro Moru pale Mlima Kenya, visahani vidogo vya mkimbiaji, vile vinavyokaa juu kidogo ya ncha, havitoshi, fimbo inazama hadi nusu. Weka visahani vipana. Na kwenye madaraja ya mbao ya Rwenzori inua ncha kabisa au itembeze pembeni, kwa sababu nafasi kati ya mbao ni saizi ya ncha hasa.

Wengi wenu hamtanunua, mtakodisha Moshi au Arusha siku moja kabla ya kupanda. Hakuna ubaya, mradi usipokee jozi ya kwanza unayopewa. Fungua pingili zote, funga vibano, kisha egemea fimbo taratibu kwa uzito wako wote ukiwa umeishika kwa mikono miwili. Ikishuka hata kidogo, omba bisibisi na ukaze skrubu ya kibano robo mzunguko, ujaribu tena. Kibano sahihi kinafungwa kwa kidole gumba kwa nguvu ya wastani. Kikihitaji ngumi kimekazwa kupita kiasi na plastiki yake itapasuka kwenye baridi. Tazama mstari wa fimbo kwa jicho moja kutoka kwenye mshikio: pingili iliyopinda haitaingia yote ndani, na ukiilazimisha itakwama kwa safari nzima. Kama ni ya kaboni, pitisha ukucha kuzunguka mrija, hasa sentimita 20 za chini. Mahali ukucha unapokwama ndipo itakapokatikia, labda si leo. Igonge kwa sarafu pia. Sauti inapaswa kuwa ile ile juu hadi chini, na panapotoa sauti butu pameachana ndani. Kama ni ya kukunja, chungulia kamba kwenye kila kiungo: ukiona manyoya, au fimbo ikishafungwa bado inacheza, irudishe. Mwisho, hakikisha ncha zote mbili bado zina chuma. Nyingi za kukodi zimelika hadi plastiki.

Beba mita moja ya tepu ya kitambaa, iviringishe kwenye fimbo yenyewe chini ya mshikio. Kamba ya ndani ikikatika, unga pingili na uzizungushie tepu kwenye kila kiungo. Haitakunjika tena safari hiyo, lakini itasimama. Kaboni ikikatika, tia kigingi cha hema ndani ya mrija kikipita, au kifunge ubavuni kama gango la mfupa, na utumie fimbo hiyo upande wa kilimani ambako inabeba kidogo.

Kwa anayesafiri na zake kwa ndege, ziweke kwenye begi la kupakia chini, maana viwanja vingi vitazizuia kwenye ukaguzi wa mizigo ya mkononi. Funika ncha, zifunge pamoja kwa raba, zilaze katikati ya nguo na si kwenye ukingo wa begi. Jozi ya kaboni ya kampuni kubwa huuzwa kati ya dola 150 na 250 huko Ulaya na Marekani. Kwa mtu anayepanda mlima mmoja na hana mpango wa kurudi, hizo ni pesa za kukodi na za bakshishi ya mpagazi.