Tiba shufaa ya nyumbani, Mikindani: walimuuliza mgonjwa kwanza

Kuanzia Februari hadi mwanzoni mwa Juni, mama yangu mzazi alihudumiwa nyumbani kwetu Mikindani na timu ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumtunza na kumpunguzia mateso mgonjwa wa ugonjwa mzito, ya hospitali moja ya hapa Mtwara. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya familia zenye mgonjwa wa muda mrefu, kwa sababu wengi wetu huku kusini hatujui kwamba huduma ya namna hii ipo, na wanaoijua hudhani kwamba ni ya kuletewa dawa ya maumivu tu. Hospitali siitaji jina, kwa kuwa ninayo pia malalamiko, na kituo kilichompima mama mwanzo nacho sitakitaja.

Katika kituo hicho cha kwanza, mwezi Septemba, daktari alimwambia mama kwamba ana uvimbe wa kawaida kwenye kizazi, kisha akaniita barazani na kunieleza kwa sauti ya chini kwamba ni saratani ya mlango wa kizazi, kwamba ameandika rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na kwamba tukimweleza mama ukweli atakata tamaa. Aliyasema hayo kwa huruma ya kweli, nami nilimshukuru. Watoto wote watano tukakubaliana kwamba neno saratani lisitamkwe nyumbani. Lakini mtu aliyeambiwa ana uvimbe wa kawaida hupanga mambo yake kama mwenye uvimbe wa kawaida. Tulipomgusia safari, mama alitushangaa: "Wanangu, uvimbe tu ndio unitoe hapa mpaka Dar, na korosho zinadondoka?" Hatukuwa na jibu ambalo lisingeufichua uongo wetu, tukasubiri msimu uishe. Ulipoisha, mama alikuwa hawezi tena kukaa kwenye basi kwa zaidi ya kilomita 500. Sidai kwamba angepona. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa kwenda au kubaki ulikuwa wake, nasi tulimwacha auamue bila kujua anaamua nini.

Siku timu ilipokuja mara ya kwanza, nilimwahi muuguzi chini ya mwembe kabla hajaingia ndani, nikamwomba asiutaje ugonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanijibu: "Kaka, mimi sitamwambia mama asichotaka kukijua, lakini akiniuliza sitamdanganya." Akaingia, akaamkia, akaketi mkekani pembeni ya kitanda, na wala hakufungua jalada. Alimuuliza mama yeye mwenyewe anauelewaje ugonjwa wake. Kisha akamuuliza kama angependa aelezwe kila kitu, au kuna mambo angependa waambiwe watoto wake peke yao.

Mama alinyamaza kwa muda, akasema: "Mwanangu, ni ule ugonjwa mkubwa, sivyo? Nilijua tangu huyu mkubwa wangu alipoacha kunitazama usoni." Halafu akalifungua fundo la pindo la khanga yake na kumimina vidonge mkekani. Vilikuwa kumi na vinne, vingine vimeanza kumeguka kwa jasho. Ni vidonge vya maumivu tulivyokuwa tukimpa kila usiku, naye akituambia amevimeza na amelala vizuri, kumbe alikuwa akiviweka akiba kwa siku ambazo tungekuwa na wageni, ili asigune mbele yao. Kila tulipokwenda kituoni tuliripoti kwamba maumivu yamepungua, na daktari, ambaye hupanga dozi kwa kufuata anachoambiwa, akaendelea kuandika vidonge vilevile. Sisi tulimficha mama ili asiumie moyo, yeye akatuficha sisi kwa sababu hiyohiyo, na maumivu yakabaki pasipo mtu wa kuyatibu kwa karibu miezi mitano.

Nimesikia wakisema kwamba kumficha mgonjwa ni desturi yetu na kwamba ukweli mtupu ni mambo ya Ulaya na Marekani. Sikubaliani na hilo. Mwaka 1961 madaktari 219 wa hospitali moja ya Chicago, Marekani, waliulizwa kuhusu jambo hili, na asilimia 90 hivi walisema wangependelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Madaktari wengine wa nchi hiyo walipoulizwa vivyo hivyo mwaka 1979, asilimia 97 walisema wangependelea kumwambia. Kwa hiyo nao walificha, tena kwa huruma kama yetu, kisha wakabadilika. Isitoshe, Azimio la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani, la mwaka 1981 na kurekebishwa mwaka 1995, linalohusu haki za mgonjwa, halimlazimishi mtu asikie kila kitu: linampa haki ya kuelezwa, na pia haki ya kutoelezwa ikiwa ameomba hivyo mwenyewe, pamoja na haki ya kumchagua atakayeelezwa kwa niaba yake. Ndicho alichokifanya muuguzi yule pale mkekani.

Unyoofu huo uliendelea hata kwenye dawa. Mama aliogopa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kwa kuwa majirani walimwambia ni dawa ya kumalizia watu. Tabibu wa timu hakumbembeleza kwa kuiita jina lingine. Alimweleza kwamba inanywewa kila baada ya saa nne, kwamba siku za mwanzo huleta usingizi na kichefuchefu, na kwamba hufunga choo, ndiyo maana anampa na dawa ya kulainisha. Yote yalitokea kama alivyosema, na mama akaiamini chupa ile kuliko alivyotuamini sisi. Suala la Ocean Road alielezwa upya, akaambiwa kwamba mionzi ingeweza kupunguza damu iliyokuwa ikimtoka hata kama isingemponya. Akakataa safari, mara hii akijua anachokikataa.

Malalamiko yangu ni mawili. Kwanza, hakuna mtu wa kupokea simu mwisho wa wiki: dawa ilituishia Jumamosi moja mchana, na mama akateseka hadi Jumatatu asubuhi. La pili ni zito zaidi. Muuguzi wetu alipokuwa likizo, alikuja kijana ambaye hakuwa amelisoma jalada, akaanza kumhesabia mama wiki alizobakiza, ilhali mama alikwishasema waziwazi kwamba yote atayasikia isipokuwa hesabu ya siku. Alichokisema hakikuwa uongo, lakini mama aligeukia ukutani na hakula siku ile. Nilipolalamika, muuguzi mkuu alikuja nyumbani kumwomba mama radhi, na tangu hapo maneno "asitajiwe siku" yakaandikwa kwa wino mwekundu juu ya jalada.

Katika miezi ile mama aliwagawia wanawe mikorosho yake mti kwa mti, akalipa deni la dukani la shilingi 18,000 ambalo hakuna kati yetu aliyelijua, na akamwita dada yake kutoka Newala, ambaye walikuwa hawasemezani kwa miaka mingi. Walilala chumba kimoja wiki tatu za mwisho.

Ninaipa huduma hii alama nne kati ya tano. Anayeihitaji aulizie tiba shufaa katika hospitali anakotibiwa mgonjwa wake, aende na nakala za vipimo, na ahakikishe matakwa ya mgonjwa yameandikwa kwenye jalada tangu ziara ya kwanza. Na timu ikifika, muachieni mgonjwa nafasi ya kuzungumza nayo peke yake kwanza.