Ngao ya mbele kwenye basi langu la kuishi: uzoefu wangu baada ya miezi 14

Basi langu lina uso bapa na injini iko nyuma. Kwa kulala na kupika ni raha tupu, maana huku mbele hakuna joto wala kelele. Ila siku tulipong'oa viti vya abiria na sakafu ya zamani, niliinama karibu na pedeli nikaona jambo ambalo halijawahi kunijia akilini: kati ya vidole vyangu vya miguu na barabara kulikuwa na bati, fremu nyembamba na plastiki ya bampa. Lori lenye pua likigonga, injini ndiyo inayotangulia. Kwangu yanatangulia magoti.

Nikaanza kutafuta ngao, yaani fremu ya mabomba inayofungwa mbele ya gari. Alumini ilinivutia kwanza: kwa ujazo uleule uzito wake ni kama theluthi ya chuma, na kutu si tatizo lake kubwa. Lakini ili iwe na nguvu sawa lazima iwe nene zaidi, na ikipinda si kila fundi wa kuchomelea anaweza kuishika. Mimi hupotelea sehemu ambako fundi mwenye mashine moja tu ni bahati, kwa hiyo nikachukua chuma. Bomba za kipenyo cha milimita 76, unene milimita 3. Bomba ya namna hiyo ina kilo 5 na ushee kwa kila mita. Ukijumlisha sahani za kufungia, ngao nzima ilifika kilo 120.

Hapo kwenye uzito ndipo wengi hujidanganya, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilidhani nimeongeza kilo 120 mbele, basi. Nilipopanda mizani, ekseli ya mbele ilikuwa imeongezeka karibu kilo 170. Nikadhani mizani mbovu. Kumbe ni mchezo wa bembea: ngao inaning'inia mita 2.5 mbele ya ekseli ya mbele, na kutoka ekseli hiyo hadi ya nyuma ni mita 6.25. Kilichoning'inia huko nje kinakandamiza magurudumu ya mbele na wakati huohuo kinanyanyua ya nyuma kidogo. Kwangu ya nyuma yalipungua kilo 48 hivi. Na mimi nilikuwa nimeshaweka tangi la maji nyuma ya kiti cha dereva! Ilibidi nilihamishe katikati. Ukipanga samani za basi lako, panga ukijua ngao inakuja.

Sasa ufungaji. Gereji ya kwanza waliifunga kwenye bampa na kwenye fremu ya bodi. Fundi akaipiga teke, akaniambia, "Bosi, hii hata ugonge ukuta haing'oki." Wiki ya pili nikaingia barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati la nyumba. Taa mbili za ziada nilizoziweka juu ya ngao zikaanza kucheza; mwanga barabarani ulitetemeka kama mtu mwenye homa. Asubuhi nikatambaa chini. Matundu ya bolti yalikuwa yameshakuwa na umbo la yai, na rangi iliyoyazunguka imepasuka, unga mwekundu wa kutu ukichungulia. Ngao ilikuwa nzito kuliko kilichoishikilia.

Nikaihamishia gereji nyingine, na huko ndiko nilikolipia elimu. Yule mzee kwanza alichomoa waya za betri kabla hajawasha mashine ya kuchomelea popote karibu na gari. Akakata sahani za milimita 10, akazifunga kwenye mihimili ya chasisi yenyewe kwa bolti za M16 (kipenyo milimita 16) zenye alama ya 8.8 kichwani, yaani daraja la uimara wake. Matundu aliyatoboa kwenye ukuta wa mhimili. Mdomo wake wa juu na wa chini hakuugusa, kwa sababu ndiko unakobeba mvuto na mkandamizo mkubwa zaidi. Nilipomuuliza kwa nini asichomelee tu, alijibu kwamba moto unalegeza chuma cha chasisi, na ufa wake utauona wakati umeshachelewa. Kisha akachora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye sahani. Mstari ukikatika, nati imegeuka.

Baada ya kilomita 500 niliziangalia. Mbili zilikuwa zinakubali spana. Rangi nene iliyokuwa katikati ya sahani na chasisi ilikuwa imekandamizwa ikaisha, nafasi ikabaki. Nilizikaza, na tangu hapo mistari yote iko vilevile.

Kasoro nyingine niliigundua maji ya waipa yalipoisha. Chupa yake iko nyuma ya kifuniko cha mbele, pamoja na tairi la akiba, na kifuniko kinafungukia nje. Kinafungukia kwenye ngao! Nilisimama pale na galoni mkononi nikicheka peke yangu. Ilibidi ngao iwekewe bawaba upande mmoja na pini mbili nene upande wa pili, ifunguke kama geti. Bila hivyo tairi la akiba lingebaki pambo. Ndoano ya kuvutia gari nayo ilikuwa imezibwa, ikasogezwa mbele.

Kuhusu taa: bomba la kati lilikuwa linapita mbele ya taa kubwa, na usiku niliona kivuli chake kimelala barabarani kama mwamba wa goli. Likapandishwa sentimita 12. Pia, usikubali ngao inayong'aa. Inapendeza kwenye picha, lakini usiku mwanga wa taa zako za juu unarudi machoni. Yangu nimeipaka nyeusi isiyong'aa.

Rafiki yangu ambaye basi lake lina injini na rejeta mbele aliongeza wavu mzito kwenye ngao yake. Mshale wa joto ukaanza kupanda kila alipopanda mlima. Alipoutoa wavu, ukatulia.

Je, imewahi kufanya kazi? Ndiyo, mara moja. Jioni, ndama aliruka kutoka vichakani. Nilikanyaga breki, na tulipokutana nilikuwa kwenye kilomita 40 kwa saa hivi. Ndama alikufa palepale, na mwenye ndama nikamlipa. Bomba la kati lilibonyea kiasi cha ngumi kuzama, sahani ya kushoto ikapinda kidogo. Taa, kioo na bati la mbele havikuguswa, na maji ya kwenye sufuria jikoni yalimwagika nusu. Kesho yake nilipima chasisi kimshazari kwa futi ya utepe, kutoka pini ya springi ya upande mmoja hadi ya upande wa pili, kisha kinyume chake. Vipimo vililingana, maana yake chasisi haikupinda.

Lakini wanaoniambia "sasa hata lori likija huogopi" wananichekesha. Basi langu lina tani 11. Mwendo ukipanda kutoka 40 hadi 80, nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Bomba za milimita 3 haziwezi hesabu hiyo. Ni ngao ya matawi, wanyama, na watu wanaorudi nyuma kwenye maegesho bila kutazama. Na kwa mtembea kwa miguu, chuma ni kikatili kuliko plastiki. Umoja wa Ulaya uliziwekea ngao za magari madogo kanuni tangu 2005 kwa sababu hiyohiyo. Mimi nimeongeza kioo cha mbinuko juu ya dirisha la mbele, maana ngao imeficha kipande cha ardhi ambacho zamani nilikiona nikiwa kitini. Mtoto mdogo angeenea hapo.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa ajili ya sentimita 35 ambazo ngao imeongeza kwenye urefu wa basi, na ambazo ilibidi nizieleze kwenye ukaguzi na kwa watu wa bima. Bomba lililobonyea bado sijalinyoosha. Wiki ijayo napaka grisi kwenye bawaba, zimeanza kulia nikifungua.