Kipima vumbi cha leza, miezi minane Goma: moshi kinauona, majivu ya mlima yanakipita

Nimekaa na kifaa hiki miezi minane, kwa hiyo sisemi kama mtu aliyefungua boksi jana. Ni kile kipima vumbi cha leza chenye ukubwa wa kiganja, skrini mbele, matundu mawili ubavuni. Kilinigharimu dola 130, binamu yangu akanibebea kutoka Kigali. Kampuni siitaji. Juu ya boksi wameandika kwamba kinapima moshi, vumbi, chavua na majivu ya volkeno. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonitoa pesa.

Naishi Goma, nafundisha kemia. Nyiragongo ilipomwaga lava tarehe 22 Mei 2021, sakafu ya kreta iliporomoka na siku zilizofuata majivu yakatushukia mjini. Watu wengi wanakumbuka lava na matetemeko. Mimi nakumbuka bati la nyumba yangu, maana nilipanda na ufagio nikakusanya nusu chupa ya mayonezi. Mtoto wangu wa pili ana pumu. Chupa ile niliihifadhi kabatini, nikingoja siku nitakayopata chombo cha kunieleza kilichomo.

Ndani ya kifaa kuna feni ndogo inayovuta hewa. Hewa inapita mbele ya mwanga wa leza, kila chembe inatawanya mwanga kidogo, na kijicho pembeni kinaupokea. Basi. Hakuna mzani humo. Ile namba ya mikrogramu kwa kila mita ya ujazo ya hewa unayoisoma ni makisio: kifaa kinachukulia kwamba chembe ni za duara na uzito wake unajulikana, kisha kinapiga hesabu. Kwa moshi makisio hayo yanakaribia ukweli. Majivu ya volkeno ni vipande vya kioo na madini vyenye kona kona, na ni mazito kuliko moshi kwa ukubwa uleule.

Nilikijaribu hivi. Nilikiweka ndani ya katoni, nikachukua kijiko kimoja cha majivu ya ile chupa nikayapepeta juu yake kwa chujio la chai. PM2.5, yaani chembe zisizozidi mikromita 2.5, ilipanda kutoka 18 hadi 61. PM10, zile zisizozidi mikromita 10, ikasoma 74. Wakati huohuo kisahani chenye maji nilichokiweka kando ya kifaa kilikuwa cheusi tii! Nikapepea katoni, nikangoja itulie, nikawasha kijiti kimoja cha kiberiti na kukizima humo. Zaidi ya 900. Kijiti cha kiberiti kimeushinda mlima.

Sababu si ya ajabu. Chembe kubwa zinaanguka kabla ya kufika kwenye leza, au zinagonga kona za njia ya hewa na kubaki hapo. Sensa nyingi za bei hii hazioni vizuri chembe kubwa, na PM10 zinaikisia kutokana na zile ndogo, ndiyo maana namba mbili zinatembea pamoja kama mapacha. Na majivu ni kila kipande chenye kipenyo chini ya milimita 2, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito wake haimo kabisa kwenye skrini yako.

Aina ya chembe ndiyo usiulize. Kwa kifaa hiki moshi wa makala (makaa ya kupikia), vumbi jeusi la barabarani na matone ya salfeti yatokanayo na gesi ya mlima vyote ni mwanga tu. Nilipata habari zaidi kwa seloteipu niliyoibandika kwenye bati na kuitazama kwa lenzi ya kukuzia ya kubana kwenye simu: vipande vyeusi vinavyong'aa, kingo kali kama chupa iliyovunjika. Sumaku iliyofungwa kwenye nailoni ikanasa baadhi. Zaidi ya hapo ni kazi ya maabara yenye hadubini ya elektroni na eksirei. Swali hilo lina uzito kwa mapafu. Majivu ya Soufrière Hills kule Montserrat yaliwatia watu wasiwasi kwa sababu yalikuwa na kristobaliti, silika ya fuwele inayodhuru mapafu ikivutwa. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, karibu asilimia 40, ndiyo maana inakimbia kama maji. Hakuna kipima vumbi cha dola 130 kitakachokutofautishia milima hiyo miwili.

Asubuhi ukungu wa ziwa ukipanda, namba zinapanda nao. Unyevu unavimbisha chembe. Nimezoea kutoziamini kabla ya saa tatu.

Mwezi wa tano feni ilianza kukoroma. Muuzaji alijibu ujumbe wangu kwa maneno mawili: zima, washa. Nilipuliza matundu kwa pampu ya mpira, polepole, ikapona.

Jirani yangu aliniuliza, "Mwalimu, iko naonyesha na mazuku?" Hapana, Mama, hakionyeshi. Mazuku ni kaboni dioksidi inayotuama mabondeni, na hiki hakioni gesi yoyote. Nilimrudia mara mbili, maana mtu akidhani kinaona atamlaza mtoto mahali pabaya.

Hata hivyo sikiuzi. Saa kumi na mbili jioni, maharagi yakiwa kwenye mbabula, jiko letu la makala, kilisoma 340 ndani ya nyumba, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa PM2.5 wa saa 24 usizidi 15. Mke wangu alitazama skrini, hakusema kitu, akabeba mbabula akaipeleka nje chini ya paa la choo. Usiku ule mtoto hakukohoa. Nyota tatu kati ya tano, zote tatu za moshi.